Ulizeni Habari za Waliokwenda Mkonge

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955, alipopanda treni Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga, leo ameshagonga miaka 90. Wengi wa rika lake wameshatangulia. Wachache waliobaki tunao majumbani. Asubuhi tunawatolea kiti waote jua, tunawauliza kama wamelala salama, kama wamekunywa dawa, kama uji umetosha sukari. Walitoka kwa nani, wakapita wapi, wakamwacha nani nyuma, hayo hatuwaulizi. Ninawaandikia wajukuu wenzangu wa watu wa mkonge, mlioko Muheza, Korogwe, Kilosa, Morogoro na kokote mlikotawanyikia, kuwaomba mkawaulize mwezi huu.

Historia kubwa ya mkonge inajulikana. Uliletwa nchini mwaka 1893, enzi za Wajerumani, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000, na hakuna nchi iliyoipita. Waliozikata tani hizo waliitwa manamba. Walitoka Kigoma, Songea na Njombe, wakatoka Rwanda na Burundi, wakavuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuwakusanya vibarua, SILABU, na wazee wengi wa Kigoma na Songea walilijua jina hilo kabla hawajauona mkonge kwa macho yao. Tani zimeandikwa na bei zimeandikwa, lakini watu hawakuandikwa, au waliandikwa vibaya, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Tazama jinsi tunavyoitwa. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu: lako, la baba, la babu. Mwanao akizaliwa, babu yako anadondoka na wewe unasogea nafasi moja. Kizazi kimoja kikipita, aliyepanda treni hayumo tena kwenye karatasi yoyote ya familia. Na bibi hakuwahi kuwamo tangu mwanzo. Yule aliyezaa kambini, akaanika singa kwenye nyaya tangu alfajiri mtoto akiwa mgongoni, ambaye pengine ndiye aliyekuwa mwenyeji wa huku na kumpokea babu aliyekuja mikono mitupu, hakuna cheti cha mjukuu kinachomtaja. Kwa hiyo naomba tuanze na wanawake. Muulizeni bibi kwanza, na kama hayupo, muulizeni shangazi. Wanaume wa makambini waliyajua mashamba na manyapara wao. Wanawake ndio waliojua nani ni mtoto wa nani.

Niliyaona hayo kwa shangazi yangu, aliyezaliwa kambini karibu na Muheza. Babu alitoka upande wa Kasulu, na hatukuwa na zaidi ya hapo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza moja kwa moja kuhusu ukoo wa baba yake. Akasema hajui, baba yake alikuwa mtu wa kunyamaza. Tukakaa, tunamenya mihogo. Baadaye nikamuuliza jambo dogo: chumba cha pili pale kambini alikaa nani? Akacheka, na hapo hakunyamaza tena mpaka sufuria ikaiva. Chumba cha pili alikaa mzee waliyemwita baba mdogo. Hakuzaliwa tumbo moja na babu, wala ukoo mmoja, bali walipanda treni siku moja na kuandikishwa siku moja, na tangu siku hiyo walikula sahani moja. Babu alipofariki ndiye aliyeongoza kumwosha. “Na yeye,” shangazi akasema, “hakuwahi kumwita baba kwa hili jina mnalolitumia nyinyi. Alimwita kwa jina la kwao.” Akalitaja. Lilikuwa jina la Kiha ambalo hakuna hata mmoja wetu, wajukuu wote, aliyewahi kulisikia. Hilo jina tunalolibeba sisi kwenye vitambulisho ndilo lililokuwa kwenye kipande.

Kwa wasiokijua, kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi thelathini. Kibarua akimaliza ngwe yake ya siku, nafasi moja inawekwa alama, na nafasi zikijaa ndipo anapokwenda kupokea mshahara. Jina la juu ya kadi aliliandika karani kwa jinsi alivyolisikia, na mgeni asiyejua kusoma hakuwa na la kusahihisha. Wengine walitoa jina lingine kwa makusudi, kwa sababu walikimbia kodi ya kichwa nyumbani au mkataba wa shamba la kwanza. Basi ukienda Kasulu ukatafuta ukoo kwa jina la kipande, utaambiwa hawamjui, na watakuwa wanasema kweli. Jina la kwao linaweza kuwa limebaki katika kumbukumbu ya mtu mmoja tu. Na mara nyingi mtu huyo si baba yako. Ni mtoto wa yule wa chumba cha pili.

Ndiyo maana nasisitiza ndugu wa pembeni. Tukizungumza habari za ukoo tunapanda juu tu, baba, babu, baba wa babu, na tunapokwama tunasema mzee alikufa na siri zake. Haikuwa siri, aliwaambia waliokaa naye: shemeji, mke wa pili, mtoto wa kulea, mtani. Watani hasa wasisahaulike. Wanaokuja msibani kuchekesha na kudai chao hujua habari za familia ambazo wenye nyumba wamezisahau, maana utani wenyewe hauendi bila kujua fulani alioa wapi na aliiba nini. Nenda pia kwa aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, kama bado yupo. Alijua nani amehamia lini na kutoka shamba gani.

Wazee watawaambia hawajui mwaka. Msiwalazimishe, ulizeni vitu vinavyoonekana. Alilipwa rupia au shilingi? Kama ni rupia, tunazungumzia kabla ya mwanzo wa miaka ya 1920. Alitoka Kigoma akafikaje Tanga? Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuungana na reli ya Tanga mpaka ilipojengwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi mwaka 1963. Kwa hiyo akisema walishuka treni wakapakiwa kwenye malori, umeshajua safari yake ilikuwa upande gani wa mwaka huo. Alikuwa na kadi ya TANU? Basi ni baada ya Julai 1954. Mtoto wa kwanza alikuwa anatambaa au anatembea siku ya Uhuru? Shamba lilipotaifishwa mwaka 1967 alikuwa bado anakata, au ameshahamia kijijini? Wakati wa Operesheni Vijiji alibomolewa nyumba ipi? Mzee asiyejua tarehe anajua barabara kwamba bibi alikuwa mjamzito wakati wa njaa ya 1974. Tarehe hizo ni za kweli kuliko nyingi zilizobuniwa kwenye fomu ili karani aendelee na mwingine.

Simu mnazo. Bonyezeni kinasa sauti, lakini ombeni ruhusa kwanza, na kabla ya swali la kwanza semeni kwa sauti tarehe, mahali, na nani anayezungumza na ni nani kwenu. Bila maneno hayo machache, miaka ishirini ijayo mtakuwa na sauti ya mzee mtamu wa maneno ambaye hakuna anayemtambua. Msimkatize. Msimsahihishe mbele ya watu. Shangazi akisema babu alikuja na kaka yake na mjomba akasema alikuja peke yake, andikeni yote mawili na nani kasema lipi. Hata wakitofautiana, huenda baadaye mkagundua kwamba yule kaka ndiye wa chumba cha pili. Kisha andikeni kwenye daftari. Simu huanguka majini, huibwa, hufutwa na watoto.

Kuna daftari lingine ambalo karibu kila familia inalo na hakuna anayelithamini: daftari la rambirambi. Mliwahi kulifungua? Majina ya waliochanga, kiasi, wakati mwingine kijiji walichotoka na mabano ya “shemeji wa marehemu” au “toka Songea”. Ule ni mkutano wa ukoo ulioandikwa siku ile ile, na sisi tukishafanya hesabu za wali na sanda tunaufungia sukari. Tafadhali yatunzeni madaftari hayo. Na siku ya mazishi msiulize kitu, watu wana uchungu. Siku ya arobaini ndiyo yenyewe: ndugu wamefika kutoka mbali, moyo umetulia, na wazee wanakaa mkeka mmoja. Mteueni mmoja wenu asiyeshughulika na jikoni awe na kalamu tu. Wakristo ongezeni vyeti vya ubatizo na ndoa. Parokia nyingi hutunza vitabu vyake tangu enzi za wamisionari, na humo wasimamizi na wazazi wameandikwa kwa majina.

Yapo mambo yanayouma, na sitaki mtu aende kwa mzee kama karani wa mahakama. Kuna waliozaliwa nje ya ndoa. Kuna waliokuwa na mke na watoto nyumbani, wakaoa tena mkonge na hawakurudi. Kuna koo za Pwani ambazo bibi wa bibi aliletwa kwa kamba, na hilo lilifunikwa kwa vizazi ili watoto wasitukanwe. Mzee akisema hapa tuishie, mwishie hapo. Akisema liandike lakini lisisomwe mpaka nife, liheshimuni neno lake. Na mgogoro wa shamba ukiwa mezani, msichanganye na kazi hii. Atakayeshuku kwamba daftari lenu ni la kugawa urithi hatawapa hata jina la mama yake.

Anayedhani hii si kazi ya maana auangalie mwaka 1968. Wanafunzi wa chuo kikuu kilichokuwa kichanga, Dar es Salaam, walitumwa kusini kuwauliza wazee habari za vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Walikaa na watu waliokuwa vijana au watoto vita vilipopiga, wakaandika. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu vita vile kwa upande wetu, mbali na ripoti za maofisa wa Kijerumani, ilitokana na mahojiano hayo. Yangecheleweshwa miaka kumi na tano, wasingepata wengi wa kuwauliza. Watu wa mkonge sasa wamefika mahali pale pale, na safari hii hatuhitaji kusubiri chuo kitume wanafunzi, kwa sababu wenye kuulizwa ni bibi zetu na tunawapelekea chai kila asubuhi. Mkishamaliza, toeni nakala: moja kwa kila mtoto wa mzee, moja kwa shule ya kata. Nawasihi pia muulizie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa utaratibu wa kukabidhi nakala. Pale zimehifadhiwa nyaraka za Mjerumani na za Mwingereza zinazowataja babu zetu kama hesabu ya vichwa, na ni haki ya vichwa hivyo kuwekewa majina karibu yake.

Neno langu la mwisho ni kwenu wa Kasulu, Kibondo, Songea, Ludewa, na ng'ambo ya mpaka Burundi na Msumbiji. Huenda kwenu kuna kaka wa babu anayetajwa kwamba alikwenda manamba na hakurudi. Pengine mlishamfanyia matanga bila mwili. Andikeni jina lake la nyumbani, si la serikali. Andikeni jina la baba yake na mama yake, mto mliokuwa mnateka maji, alama aliyokuwa nayo mwilini, na majina ya wale aliopanda nao treni. Kisha mpeni maandishi hayo mwanafamilia yeyote anayekuja Tanga, kwa biashara, kwa masomo, kwa uhamisho wa kazi. Ashuke Muheza au Korogwe, aulizie makambi ya zamani, ataje majina hayo kwa wazee. Huku tupo wajukuu tunaolitafuta jina hilo hilo kutoka upande wa pili.