Plagi ya Nyumbani, Soketi ya Durban

Safu ya toleo hili nilipanga iwe ya methali. Lakini Jumapili iliyopita tulikuwa kwa mwenzetu mmoja kule Glenwood, tunasonga ugali, mara tukasikia harufu ya plastiki. Ekstensheni iliyobeba jiko na birika la umeme ilikuwa imelainika kama nta. Na swichi ya ukutani? Wala haikujizima.

Hapo ndipo tunapokosea sisi tuliotoka Mombasa, Dar es Salaam au Kampala. Plagi ya kwetu ina pini tatu bapa, na ndani yake mna fyuzi. Hata plagi ya ekstensheni huwa nayo. Ukizidisha mzigo fyuzi inakatika, unaguna, unanunua nyingine. Plagi ya Afrika Kusini, ile ya pini tatu nene za mviringo, haina fyuzi. Kinachobaki ni swichi za kwenye boksi la umeme, na ile ya soketi kwa kawaida huwa ya ampea 20. Hiyo inalinda nyaya zilizomo ukutani. Haina habari na ekstensheni nyembamba ya ampea 10 uliyoipitisha chini ya zulia.

Tupige hesabu ya siku ile. Umeme wa hapa ni volti 230. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9, na jiko la pleti moja la wati 1,500 linavuta 6 na nusu. Jumla ni 15 na kitu: kwa swichi ni kidogo, kwa ule waya ni balaa. Juni ikiingia mtu ataongeza hita.

Kwa hiyo kimoja kimoja. Vitu vya kupasha moto vichomekwe ukutani moja kwa moja. Ekstensheni iachiwe taa, simu na kompyuta, tena isikunjwe wala kufunikwa, maana joto linakosa pa kutokea. Plagi ikiwa ya moto ukiigusa, ichomoe. Na ule ujanja wetu wa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu, au kuchomeka nyaya tupu na kuzikaza kwa njiti za kiberiti, tuuache uwanja wa ndege.

Umeme ukikatika ukiwa unapiga pasi, chomoa kabla hujatoka. Wengi walijifunza hilo wakati wa mgawo wa 2022 na 2023: umeme hurudi bila kubisha hodi.

Moto ukishika, zima swichi kuu kama unaifikia, usimwage maji, toka, funga mlango, piga 112.

Mwenzetu aliikata ekstensheni ile vipande viwili kabla ya kuitupa, asije mwingine akaiokota. Ugali tulimalizia kwa jirani, kwenye gesi, ukatoka na madonge. Methali toleo lijalo.