Gari-Nyumba Katika Njia ya Mafuta

Ndugu msomaji, katika nchi kama Kanada wako watu wasafirio majira ya theluji kwa gari lenye kitanda na jiko, wakipita kati ya visima vya mafuta. Sisi wa Kanazi theluji hatuijui. Baridi yetu ni ya masika, ukungu unapoilalia migomba na udongo unaponata magurudumuni. Visima vya mafuta pia hatunavyo, ila mkoa wetu wa Kagera umekuwa njia yake.

Masika yaliyopita shemeji yangu aling'oa viti vya nyuma vya basi lake dogo, akatandika godoro, akapakia jiko la mkaa na madumu mawili ya maji. Tukaondoka na watoto kwenda Missenyi kumjulia hali shangazi, mjane, ambaye shamba lake lilikatwa na njia ya bomba.

Bomba hilo linaanzia Hoima, Uganda, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2006, na kuishia Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo Tanzania. Mafuta hayo yana nta. Yakipoa huganda kama samli asubuhi ya baridi, na kwa hiyo bomba hufukiwa ardhini na kupashwa joto lisilopungua nyuzi 50. Ardhi iliyotwaliwa kwa ajili yake ina upana wa mita 30.

Tulivuka mto Kagera pale Kyaka, ambapo daraja lilivunjwa vitani mwaka 1978. Lami ilitufikisha salama, lakini tulipoingia njia ya kijijini gari lilizama matopeni. Tukalala humo humo, mvua ikipiga bati juu ya vichwa vyetu. Watoto walifurahi, sisi wakubwa tukahesabu saa. Jiko tulilipikia nje, chini ya turubai. Mzazi mwenzangu, usiwashe mkaa ndani ya gari lililofungwa, kwani hewa yake huua watu usingizini.

Asubuhi vijana walikuja na majembe wakatukwamua. Mmoja wao alituambia kuwa baba yake alilipwa fidia, akanunua pikipiki mbili na kufanya karamu. Sasa pikipiki ni vyuma chakavu, na baba analima vibarua katika mashamba ya wengine.

Shangazi alitupokea kwa kahawa ya kutafuna. "Mwanangu," aliniambia, "fedha zilipokuja, mashemeji nao walikuja. Wakasema ardhi ni ya ukoo, mwanamke hana neno."

Hakukubali. Alikumbuka kwamba mwaka 1990, katika kesi iliyotoka huku huku Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kuwa mwanamke wa Kihaya anayo haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inamtambua mwanamke kuwa mmiliki sawa na mwanamume. Shangazi akawaita wanawe na mashemeji mbele ya wazee, akamwamuru mjukuu aandike kila shilingi daftarini. Kwanza walinunua shamba jingine. Pili, mifupa ya marehemu mumewe ilizikwa upya katika shamba hilo. Kilichobaki ndicho walichogawana.

"Mashemeji walikasirika?" nikamwuliza.

"Walikasirika. Leo wanakuja kula ndizi zangu."

Ndugu msomaji, mafuta yatapita chini ya ardhi kimya kimya kuelekea baharini, na fedha hupita vivyo hivyo mikononi mwa asiyejipanga. Iwapo wewe u mfanyakazi mjini na wazazi wako kijijini wameguswa na mradi wowote, usingoje kusikia habari. Nenda mkae pamoja, na mama awepo kikaoni. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.