Akili Nayo Huumia Kazini
Na Rehema Achieng

Fundi akikatwa kidole na mashine huko Industrial Area, habari hufika Pipeline, Tassia na Mukuru kabla ya jioni. Majirani huchanga, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kulipa. Lakini anayetoka zamu ya usiku asipate usingizi, anayetetemeka kila simu ya msimamizi inapolia, huambiwa ajikaze. Wengine husema ni pombe, wengine amerogwa.

Mimi nasema huyo pia ameumia kazini, na anastahili fidia kama mwenzake wa kidole.

Ushahidi uko papa hapa Nairobi. Kuanzia 2019 hadi mapema 2023, vijana wa Kenya, Ethiopia, Somalia, Uganda na kwingineko waliajiriwa na kampuni ya Sama, Mombasa Road, kuchuja yanayopakiwa Facebook. Walitazama watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa, watu wakijiua, siku baada ya siku, ili mimi na wewe tusiyaone. Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyeifanya kazi hiyo, alizishtaki Sama na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, mwaka 2022. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakaenda mahakamani. Meta ilishikilia kuwa haiwezi kushtakiwa nchini, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoikatalia Septemba 2024. Disemba mwaka huo huo ikajulikana kwamba Dkt Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, alikuwa amewapima wachujaji hao na kuwakuta 144 na ugonjwa wa kiwewe. Wengi wao walikuwa katika hali mbaya.

Hao walau walipata daktari na wakili. Kibarua anayeamkia langoni mwa kiwanda akingoja kuchaguliwa hana hata mmoja. Sheria ya Ajira humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa baada ya miezi miwili mfululizo, na kifungu cha 37 kinataka kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima bila kukatizwa asihesabiwe tena kuwa wa kutwa. Waajiri wengi hukikwepa: humwachisha kabla mwezi haujatimia, kisha humwita upya. Basi kibarua huja kazini hata akiwa amelemewa, kwa kuwa kukosa siku moja ni kukosa unga, na keshakutwa mwenye nyumba anataka kodi. Hofu hiyo ya kila alfajiri inavunja watu, nami naiona ni ukatili.

Wakaguzi wa Wizara ya Leba wanapoingia viwandani kukagua mashine, wawaulize wafanyakazi pia kuhusu saa za zamu, matusi ya wasimamizi na usingizi. Bunge nalo liandike waziwazi katika sheria ya 2007 kwamba maradhi ya akili yaliyosababishwa na kazi yanalipiwa.

Nawe msomaji, jirani yako akikuambia hawezi tena kuingia kazini, mpeleke hospitalini. Mwombe daktari aandike chanzo cha ugonjwa, hifadhini nakala, kisha mwende pamoja kwa afisa wa leba kabla hajafutwa.