Bahasha ya Mgeni wa Heshima

Ndugu waumini, na hasa ninyi mliokabidhiwa uongozi katika halmashauri za parokia, vyama vya kitume na jumuiya ndogo ndogo:

Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, Rais wa Jamhuri ya Kenya alihudhuria Misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, jijini Nairobi. Alitoa shilingi milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya padri na shilingi 600,000 kwa kwaya na chama cha watoto, kisha akaahidi milioni 3 zaidi. Siku iliyofuata, Askofu Mkuu Philip Anyolo alitoa taarifa kwamba fedha zilizokwisha kupokelewa zitarudishwa, na zile zilizoahidiwa hazitapokelewa.

Wako waliofurahi na wako walionung'unika. Sisi hatuandiki ili kumhukumu aliyetoa wala kuwaonea waliopokea. Twaandika kwa sababu twaona kwamba tukio lile lilitufungulia mlango wa neno kubwa zaidi, yaani uhusiano uliopo kati ya bahasha inayopokewa mbele ya umati na fedha ya umma inayopotea bila mtu kuiona. Nasi twasema tangu mwanzo yaliyo moyoni mwetu: kila shilingi ya siasa yapasa iwe na jina la mtoaji, chimbuko lake na shabaha yake, na daftari la kwanza lipaswalo kufunguliwa ni letu wenyewe.

1. Harambee ilivyokuwa na ilivyogeuka

Harambee ni neno la heshima katika nchi yetu. Jomo Kenyatta alilifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963, nalo limeandikwa katika nembo ya Jamhuri. Kwa harambee wazazi walijenga shule, akina mama wakachimba visima, vijiji vikasimamisha zahanati. Haba na haba ilijaza kibaba kweli. Mwenye kuku alileta kuku, mwenye nguvu alileta nguvu zake, na kila mmoja alijua jirani yake ametoa nini.

Lakini taratibu mambo yaligeuka. Mchango wa wengi ukawa jukwaa la mmoja. Akaja mgeni wa heshima, akaja na marafiki ambao hawakutajwa majina, bahasha ikahesabiwa kwa sauti kubwa na kipaza sauti kikakabidhiwa mikononi mwake. Mjane aliyeleta shilingi 50 hakutajwa tena. Tulianza kuwapima viongozi wetu kwa walichotoa Jumapili, tukasahau kuwauliza walichofanya tangu Jumatatu hadi Ijumaa katika ofisi tuliyowaweka.

2. Hesabu isiyolingana

Natupige hesabu kidogo, kama tufanyavyo katika kamati zetu za fedha. Tume ya Mishahara na Marupurupu iliweka mshahara wa mbunge, kuanzia Julai 2023, kuwa zaidi kidogo ya shilingi 700,000 kwa mwezi kabla ya kodi na makato. Tuseme, kwa mfano tu, mbunge mmoja anatoa shilingi 200,000 kila Jumapili. Kwa Jumapili nne ametoa 800,000. Amekwisha kuupita mshahara wake wote naye hajalipa kodi, hajala, wala hajamsomesha mtoto.

Yawezekana ana biashara halali. Yawezekana pia kwamba yupo mtu nyuma yake. Sisi hatujui, na hapo ndipo penye shida yenyewe: hatujui, wala hatuulizi. Mkandarasi aliyefadhili kampeni hadai risiti; hudai zabuni. Anapoipata, barabara hujengwa nyembamba ikabebwa na mvua ya kwanza, na zahanati hufunguliwa kwa sherehe ikakosa dawa. Hivyo bati tunalopigiwa makofi kanisani laweza kuwa sehemu ndogo ya mali yetu wenyewe, iliyozunguka mbali ikarudi kwetu kwa jina la mwingine.

3. Sheria zilizolazwa usingizi

Watu husema kwamba Kenya haina sheria. Si kweli. Katiba ya mwaka 2010 ina Sura ya Sita nzima juu ya uongozi na uadilifu. Kifungu cha 88 kinaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kazi ya kuweka kiwango cha fedha ambazo mgombea au chama chaweza kutumia. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi. Sheria hiyo yamtaka mgombea afungue akaunti maalumu, awe na kamati ya matumizi na aeleze fedha zake zilikotoka. Tena mchango kutoka chimbuko moja usizidi asilimia 20 ya michango yote.

Je, sheria hiyo imetusaidia? Kabla ya uchaguzi wa 2017, Bunge liliahirisha utekelezaji wake. Mwaka 2021 Tume ilichapisha viwango, na cha mgombea urais kilikuwa kama shilingi bilioni 4.4; lakini Bunge la Taifa likazikataa kanuni zake. Basi tulipiga kura mwaka 2017, tukapiga tena mwaka 2022, pasipo kikomo chochote cha fedha za kampeni. Waliopaswa kufungwa na kamba ndio walioshika kisu cha kuikata. Fisi hapewi bucha alinde.

Matokeo yake twayaona katika kaunti zote 47. Mwalimu mstaafu anayependwa na kijiji, mama aliyeongoza kikundi cha maji kwa miaka mingi, kijana mwenye maarifa: hao hawagombei, au wakigombea hushindwa kabla ya kampeni kuanza, kwa kuwa hawana fedha za kugawa. Wanaobaki ni wenye mali na wenye kuazimwa mali. Kura yetu ni huru, lakini orodha tunayochagulia imekwisha kununuliwa.

Ipo sheria nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo yatugusa sisi hasa. Sheria ya Uchaguzi ya 2011, katika kifungu cha 26, yasema kwamba mtu atakayeshiriki katika harambee ya hadhara ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu hatastahili kugombea. Kwa uchaguzi ambao Katiba imeupangia tarehe 10 Agosti 2027, muda huo unaanza tarehe 10 Desemba 2026. Kamati ya parokia inayomwalika mgombea ndani ya miezi hiyo haimfanyii hisani. Inamshawishi avunje sheria, nayo yenyewe inakuwa shahidi.

Tena tarehe 5 Julai 2024, baada ya vijana kuandamana kupinga Mswada wa Fedha, Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena katika harambee. Ilikuwa kauli njema. Miezi minne baadaye yakawa ya Kayole. Tujifunze hapo kwamba kauli ya jukwaani, hata iwe njema namna gani, haiwezi kushika nafasi ya sheria iliyoandikwa na kutekelezwa.

4. Fomu iliyofungwa kabatini

Kwa muda wa miaka zaidi ya 20, chini ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, watumishi wa umma walijaza fomu za kutangaza mapato, mali na madeni yao. Neno "kutangaza" lilikuwa la jina tu. Mwananchi hakuweza kuisoma fomu ya gavana wake bila kuomba na kuthibitisha kwamba ana sababu halali. Tarehe 30 Julai 2025 ilitiwa sahihi Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Twaikaribisha, lakini tutaipima kwa swali moja: je, mkulima wa Kitui au mvuvi wa Homa Bay ataweza kujua kiongozi wake aliingia ofisini na nini na akatoka na nini? Mali halali haiogopi mwanga.

5. Pingamizi tunalolisikia

Ndugu zetu hutuambia: "Mwanasiasa naye ni muumini. Je, mnamkataza kutoa sadaka? Na paa letu linavuja, mtaliezeka ninyi?" Ni maneno mazito, wala hatuyadharau. Ziko parokia ambazo watoto hufundishwa katekisimu chini ya mti, na serikali haijafika huko hata kwa barabara.

Jibu letu ni kwamba hakuna anayemzuia mtu kutoa. Atoe kama atoavyo kila mmoja: aingie katika mstari, atie bahasha yake, aandikiwe risiti, akae chini. Akikubali kutoa bila kipaza sauti, huyo ametoa. Asipokubali, basi tujue kwamba alikuja kununua, na bidhaa yenyewe ni sisi. Kuhusu paa, twakiri kwamba kukataa kuna gharama. Huenda masika mawili yakapita tukiwa chini ya turubai. Lakini paa lililolipwa kwa ukimya wetu litatufunga midomo siku dawa zitakapoibwa hospitalini, na siku hiyo atakayeumia ni mtoto wa yule yule aliyepiga makofi.

6. Yatupasayo

Kwanza, tutengeneze nyumba yetu. Kila parokia iwe na daftari la michango lenye jina, kiasi na shabaha, nalo lisomwe mbele ya waumini kila robo mwaka. Mwanasiasa asipewe nafasi ya kuhutubia wala jina lake lisichongwe ukutani. Hatuwezi kumdai gavana hesabu ilhali mweka hazina wetu hajatoa hesabu tangu mwaka juzi.

Pili, tuitumie haki tuliyo nayo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yampa kila raia ruhusa ya kuomba taarifa zilizo katika ofisi ya umma, nayo ofisi hupewa siku 21 kujibu. Kikundi cha watu watano chaweza kuandika barua moja kwa kaunti: mkataba wa barabara hii alipewa nani, kwa kiasi gani, na umelipwa kiasi gani? Isipojibiwa, tupeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Pia tusome ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yetu, tukiwatumia vijana wetu wenye elimu ya hesabu.

Tatu, tuwadai wabunge wetu, kwa barua na kwa mikutano, kwamba kanuni za ufadhili wa kampeni zipitishwe mapema, si wakati mabango yamekwisha kubandikwa, na kwamba majina ya wafadhili yawekwe wazi kwa umma kabla ya siku ya kura. Kuyajua baadaye ni sawa na kujua bei ya ng'ombe baada ya kumchinja.

Wahenga walisema: penye udhia penyeza rupia. Msemo huo umetulea vibaya. Sisi twasema: penye rupia, penyeza taa.

Maswali ya kuzungumzia katika jumuiya

(a) Katika miaka mitano iliyopita, ni nani walikuwa wageni wa heshima katika harambee zetu? Je, walitafuta kura baadaye?

(b) Ni nani miongoni mwetu amewahi kuliona daftari la michango la parokia?

(c) Ni mradi gani wa kaunti ulio karibu nasi ambao tungeweza kuuombea taarifa mwezi huu? Nani ataandika barua, na nani ataipeleka?