Uso Usiotabasamu Si Ushahidi

Makala za wasafiri zinarudia hoja moja: miji inayozungumza Kirusi ni ya kijivu, na watu wake wana roho baridi kwa kuwa hawamtabasamii mgeni. Anayesema Moscow haina rangi hajainua macho katika stesheni ya metro ya Mayakovskaya, iliyofunguliwa 1938, ambako dari imepambwa kwa mozaiki za mchoraji Deineka. Na yale maghorofa anayoyadharau, ya orofa tano bila lifti, yalijengwa kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwatoa watu kwenye nyumba ambamo familia kadhaa zilibanana katika jiko moja. Aliyepata mlango wake mwenyewe hakuuliza rangi ya ukuta.

Lakini hoja dhaifu kuliko zote ni hiyo ya tabasamu. Huko tabasamu huwekewa wanaofahamiana. Muuza duka asiyekuchekea hajakutukana, anakuhudumia. Msafiri amekwenda kupima ukarimu kwenye kaunta, mahali ambapo haukai. Angebisha hodi nyumbani kwao angevua viatu mlangoni, akapewa ndara, akaketishwa jikoni na kulishwa hadi ashindwe. Atasema: mbona wanafunzi Waafrika wamesimulia ubaguzi, hata kupigwa mitaani? Ni kweli, na ni jambo zito mno kuchanganywa na malalamiko ya nyuso. Mwenye nyumba anaweza kumnyima Mwafrika chumba huku akitabasamu. Ubaguzi hupimwa kwa matendo: nani kakataliwa, nani kashambuliwa, polisi wamefanya nini. Hayo msafiri wetu hakuyauliza.