AFYA NYUMBANI: Meno ya Watoto wa Thika na Ruiru

Juma hili twataka kusema na wazazi wa Thika na Ruiru, hasa wenye watoto ambao hawajatimiza miaka 8, juu ya jambo liletalo machozi ya bure nyumbani. Mtoto huota meno ya mbele yenye madoa ya rangi ya kahawia. Baba humkaripia kuwa ni mvivu wa kupiga mswaki, naye mama humsugua kwa mkaa uliosagwa au mchanga mpaka ufizi utoke damu. Mtoto huyo hana kosa lolote. Madoa yale si uchafu, wala hayatoki kwa kusuguliwa, maana yaliingia katika jino wakati lilipokuwa lingali limefichwa ndani ya ufizi. Mkaa na mchanga hula jino tu.

Asili ya madoa ni maji. Sehemu kubwa ya nchi hii, tangu Bonde la Ufa mpaka Kiambu, imelala juu ya mawe yaliyotokana na volkano, na ndani yake mna madini yaitwayo floraidi. Maji ya mito kama Chania, Thika na Ruiru hupita upesi na kuchukua madini kidogo. Lakini maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine yamekaa chini miaka mingi yakigusana na mawe hayo, na baadhi ya visima hupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 katika lita moja. Uchunguzi wa meno uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulikuta madoa haya kwa watoto wapatao 2 katika kila 5. Siku hizi Ruiru imejaa majumba ya kupangisha, na mengine yana visima vyake yenyewe. Kuchemsha maji ni desturi njema, kwa kuwa huua vijidudu, ila hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi hubaki palepale, na maji yaliyosalia huwa na nyingi zaidi kuliko kwanza.

Mtu mzima anywaye maji hayo hapati madoa, kwani meno yake yamekwisha kujengwa. Mwenye hatari ni mtoto, na miaka yake 3 ya kwanza ndiyo mibaya zaidi kwa meno ya mbele. Basi mkulima mwenye paa la mabati na tangi lenye kifuniko hana haja ya kwenda mbali, kwa maana maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Si lazima nyumba nzima iyanywe. Yafaa yawekwe kwa ajili ya uji na kiu ya mtoto, nayo yachemshwe kwanza. Karani anayepanga chumba na amwulize mwenye nyumba karatasi ya kupimwa kwa maji ya kisima. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Huko Nakuru, Kanisa Katoliki limetengeneza vichungi vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, navyo hupunguza floraidi vizuri.

Kuoza kwa meno ni ugonjwa mwingine kabisa, nao hutokana na sukari. Twasema hivi kwa sababu wako wazazi ambao, wakisha kusikia habari za floraidi, huikimbia hata dawa ya meno. Floraidi nyingi ikimezwa hudhuru jino linalojengwa, lakini kidogo ikipakwa juu ya jino lililokwisha kuota hulitia nguvu. Mtoto chini ya miaka 3 atosheka na dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere, naye afundishwe kutema. Mswaki upigwe na mzazi mwenyewe, hasa usiku, kwa kuwa mkono wa mtoto hauna ustadi huo mpaka afike miaka 7 au 8. Na chupa ya chai ya sukari isilale na mtoto kitandani.

Husemwa sana kwamba meno ya utoto yatang'oka tu, ya nini kuyahangaikia? Lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12. Tena mtoto afikapo miaka 6 huota gego nyuma ya yale ya zamani, pasipo jino lolote kung'oka, hata wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto. Hilo ni gego la maisha. Mtoto wako akiwa na umri huo, mpeleke mwangani, mfungue kinywa, utazame nyuma kabisa juu na chini. Ukiona kitundu cheusi, nenda naye hospitali ya Thika kabla hakijauma, wakati ambapo daktari wa meno aweza bado kuliziba asiling'oe.