Mpira Uliopita Juu ya Nyumba



Wiki hii tuongee juu ya kriketi, mchezo ambao hapa kwetu Kongo ni wachache wanaoujua. Msiogope, hatutaeleza yote. Kuna mechi zake zinazochukua siku 5, na mapumziko ya chai ndani, kisha watu wanarudi nyumbani bila mshindi. Mama gani ana siku 5 za namna hiyo?

Tushike kitu kimoja tu: sita. Mchezaji anasimama na gongo la mbao, mwenzake anamrushia mpira mgumu wa ngozi. Akiupiga ukabingirika mpaka kwenye kamba ya mpaka, anapata alama 4. Ukivuka kamba hewani bila kugusa chini, ni alama 6. Lakini mtu akiudaka kabla haujagusa chini, basi, mpigaji ametoka, aende kukaa. Kwa hiyo anayetafuta sita anachagua kati ya shangwe na kiti.

Tarehe 4 Oktoba 1996, kule Nairobi, kijana wa Pakistani, Shahid Afridi, alikuwa anapiga kwa mara ya kwanza katika mechi ya kimataifa. Umri wake ulikuwa miaka 16, kwa karatasi. Hata gongo lilikuwa la kuazima: Waqar Younis ndiye aliyempa, na lilikuwa limetoka kwa Sachin Tendulkar wa India. Wachezaji wa Sri Lanka walitazama juu mpaka shingo zikauma. Sita 11! Alifikisha alama 100 kwa mipira 37, na rekodi ile ilikaa mpaka 2014. Mama anayeazima sufuria kwa jirani hashangai: chakula hakiulizi sufuria ni ya nani.

Lakini kuna na Albert Trott. Mwaka 1899, katika uwanja wa Lord's, London, aliupiga mpira ukapita juu ya jengo kubwa la wachezaji. Inasimuliwa kwamba toka siku ile alitaka kila mpira upite juu ya jengo, na kupiga kwake kukaharibika. Tunawajua papa wa namna hiyo: alipata faida kubwa mara moja, na mpaka leo hataki tena kazi ya faida ndogo.

Sasa tufike kwetu wanawake. Tarehe 5 Mei 2010, kwenye kisiwa cha St Kitts, Deandra Dottin wa Barbados, miaka 18, alicheza na Afrika Kusini katika Kombe la Dunia la mechi fupi. Alifikisha alama 100 kwa mipira 38, na sita 9 ndani yake. Hakuna mwanamke aliyewahi kufikisha 100 katika mechi za kimataifa za aina ile kabla yake. Papa mmoja atasema kwamba kamba ya wanawake inawekwa karibu kidogo. Ni kweli. Lakini gongo halijipigi lenyewe.

Dottin alikuwa pia anarusha mkuki na tufe. Yaani kuna watu waliouona mkono wake wenye nguvu, na hawakumwambia aufiche. Sisi je? Asubuhi tunampa binti mchi atwange sombe ya watu 10, halafu bidoni ya lita 20 achote maji. Hapo hakuna anayemwambia apunguze nguvu. Jioni akipiga mpira na kaka zake, tunapiga kelele: «Kaa kama msichana!»

Mama zangu, tumwache naye apige, uwanjani na hata kwenye mkutano, anapokuwa na swali lake. Tumfundishe tu kuuchagua mpira, asije akawa Trott. Akidakwa, akae, anywe maji, angoje zamu nyingine. Na dirisha la jirani likivunjika, tutalipa, kama tunavyolipa kila siku kwa ajili ya kaka zake.